Jicho Lililosingiziwa

King'ora kililia asubuhi, watu wakiwa bado na vikombe vya chai mkononi. Hakikuwa king'ora cha moto. Cha moto kila mtu alikijua, maana kilikuwa kikilia hata mkate ukiungua jikoni. Hiki kilikuwa na sauti nyembamba, kama kengele ya baiskeli, na wafanyakazi wa maabara ile walikuwa wamekisikia siku za majaribio tu. Maana yake ilikuwa moja: huko mbali, nyota imepasuka.

Maabara yenyewe ilikuwa chini ya mlima, ndani ya mgodi wa zamani ulioishiwa madini. Humo lilichimbwa shimo kubwa la kuingia jengo zima la ghorofa, likajengewa tangi la chuma, tangi likajazwa maji yaliyochujwa na kuchujwa tena. Ndani ya kuta zake yalipangwa macho ya kioo, mia tisa na ushei, kila moja kubwa kama tikiti, yote yakitazama gizani. Kazi yake ilikuwa kungoja. Kuna chembe ziitwazo nyutrino, zinazotoka kwenye jua na kwenye nyota, ambazo hupita katika milima, nyumba na watu kana kwamba hakuna kitu mbele yao. Mara moja moja, katika mabilioni kwa mabilioni, mojawapo hujikwaa kwenye maji, na maji hutoa mmweko hafifu wa buluu. Jicho likiuona mmweko huo hutuma mpigo wa umeme kwenye kebo yake hadi chumba cha juu, ambako kila jicho lina njia yake ya kusomwa. Njia hiyo huitwa chaneli. Nyota kubwa inapokufa, chembe hizo huja kwa mafuriko, na king'ora hulia. Mtu anaweza kufanya kazi pale mpaka astaafu asikisikie.

Aliyekuwa zamu asubuhi hiyo ni mtafiti mmoja, mwanamke ambaye wenzake walimbandika jina la Kinoo, kwa sababu jambo likimfikia halitoki mpaka limenolewa likang'aa. Aliutazama ukuta wa skrini, akaona nukta nyekundu zikimiminika. Alipiga ukelele. Profesa, mkuu wa maabara, alitokea mbio na kipande cha mkate mdomoni, akasimama mbele ya skrini bila kukumbuka kutafuna. Watu walikumbatiana. Kinoo akachukua simu ya mezani akampigia mama yake nyumbani.

"Mama! Nyota imepasuka!"

"Imepasuka? Mmeivunja nyinyi?"

"Hapana mama, imepasuka yenyewe!"

"Haya. Mwenyezi Mungu awasaidie. Utarudi kula?"

Furaha ile haikufika mchana. Profesa alipiga simu kwenye maabara nyingine mbili, kila moja ng'ambo nyingine ya dunia, na kote alijibiwa vilevile: kwetu shwari. Kisha Kinoo akakaa akazitazama nukta vizuri. Hazikutapakaa tangi zima. Zilikuwa zimejazana sehemu moja, ukuta wa kaskazini, na katikati yake jicho namba mia tatu na kumi na saba lilikuwa likitoa mipigo bila kupumua, na kuwamwagia majirani zake umeme wake.

"Mafuriko gani haya," alisema polepole, "yanayolowesha kona moja tu ya nyumba?"

Profesa aliumeza mkate wake hatimaye. Hakumlaumu mtu. "Zima hiyo chaneli," alisema. "Jicho moja likipofuka, hatufi."

Wakaizima. Siku chache zikapita kwa amani, kisha chaneli ya jirani ikaanza mchezo uleule. Wakaizima nayo. Ikaanza ya tatu.

Fundi wa tangi, kijana mrefu mwembamba aliyeitwa Kamba, alitikisa kichwa. "Profesa, huku ni kufukuza panya bila kuziba tundu. Tutazima moja moja mpaka tubaki na taa ya chooni."

"Basi nani atalitafuta hilo tundu?" Profesa aliuliza, ingawa alikuwa tayari anamtazama Kinoo.

Kinoo alianza kama daktari anavyoanza, kwa kuuliza ni kiungo gani kinachouma. Mpigo wa umeme hupita mikono mitatu: jicho lililomo majini, kebo inayopanda ukutani, na kadi ya kompyuta inayosoma. Mwongo alikuwa mmoja kati ya hao. Aliichomoa kadi ya chaneli mia tatu na kumi na saba akaihamishia kwenye kebo isiyo na hitilafu, ya upande wa kusini, na kadi ya kusini akaileta kaskazini. Ugonjwa ukiwa wa kadi, ungehama nayo. Haukuhama. Kelele zilibaki palepale kaskazini.

"Kadi imeachiwa huru," Kamba alitangaza. "Haina kesi ya kujibu."

Vilibaki viwili, kebo na jicho, na vyote vilikuwa nyuma ya chuma, ndani ya maji, gizani. Hapo ndipo Kinoo alipoleta skopu, kisanduku kinachouchora umeme kama mstari juu ya kioo chake. Aliichomoa kebo kwenye kadi, akaichomeka kwenye skopu, akatuma mpigo mmoja mfupi uteremke kwenye waya. Mpigo unaoteremka hivyo hufika mwisho wa kebo, kwenye jicho, na sehemu yake hurudi, kama sauti ya mtu anayeita bondeni. Kilima kikiwa mbali, mwangwi huchelewa. Kikiwa karibu, huwahi. Kebo zote za tangi lile zilikatwa urefu mmoja, kwa hiyo mwangwi wa kila moja ulipaswa kurudi wakati mmoja.

Kebo ile ya kusini, isiyo na hitilafu, ilirudisha mwangwi mmoja, safi. Kebo ya mia tatu na kumi na saba ilirudisha miwili. Wa pili ulikuwa wa jicho, umefika kwa wakati wake. Ila kabla yake kulikuwa na kinundu kidogo, kama uvimbe chini ya ngozi. Kitu fulani katikati ya njia kilikuwa kikiitikia.

Kinoo alijaribu kebo ya jirani mgonjwa. Kinundu kilekile, mahali palepale. Akajaribu ya tatu. Palepale. Alipiga hesabu yake juu ya kipande cha karatasi akaipiga tena, kisha akaleta mchoro wa tangi akaweka kidole. Kebo hizo tatu, pamoja na nyingine kadhaa, zilifungwa tita moja, na tita hilo lilipinda kwenye mkono wa chuma ukutani, dhiraa moja hivi chini ya uso wa maji.

"Jicho halina kosa," alisema. "Tumelisingizia."

Profesa aliinama juu ya skopu, miwani puani. Na hapohapo kinundu kikatoweka. Mstari ulinyooka kama uzi uliovutwa.

"Kiko wapi?"

"Kilikuwapo, Profesa. Si umekiona?"

"Nimekiona. Na sasa sikioni. Hicho ni kipimo au ni jini?"

Alisema kwa utani, lakini swali lake lilikuwa la haki. Kufungua tangi halikuwa jambo la mchezo, maana lilihitaji kuzima kila kitu, na mtu hafungui tangi kwa ajili ya kinundu chenye aibu. Kinoo akabaki na skopu yake. Alikaa akikodolea mstari, asubuhi ile na iliyofuata, mpaka Kamba akaanza kumletea chakula hapohapo na kukiweka mbali na nyaya. Kinundu kilikuja kikaondoka, kikaja kikaondoka. Wakati mmoja kilipokuja, kilikuwa kinacheza. Na Kinoo, aliyekuwa amevua viatu chini ya meza, alihisi kitu kwenye nyayo zake. Sakafu ilikuwa ikivuma.

Aliinuka akaweka kiganja ukutani. Ukuta nao ulivuma. Akachukua redio ya mkononi.

"Kamba, pampu ya maji imewaka?"

"Imewaka sasa hivi. Inajiwasha yenyewe, maji yakihitaji kuchujwa."

"Izime."

Mstari ukatulia, kinundu kikazama.

"Iwashe."

Kikapanda, kikacheza.

"Zima!"

"Dada, unaichezea kama taa ya chumbani!"

"Zima, Kamba!"

Walifanya hivyo mara nyingi kupita haja, kwa maana Kinoo hakuweza kuacha. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kawaida, na mbele yake kulikuwa na jeraha ambalo hakuna binadamu aliyeliona, nyuma ya ukuta wa chuma, chini ya maji, katika giza lisilowahi kuguswa na mwanga wa jua. Na lilimjibu. Kila alipouliza, lilijibu. Alikuwa amesoma jambo hilo vitabuni na kulifundisha wengine, lakini kulijua na kujibiwa ni vitu viwili.

Profesa alitazama mzunguko mmoja wa zima na washa, akavua miwani. "Tufungue," alisema.

*

Nyumbani, mama yake Kinoo alikuwa akiishi naye tangu walipomzika baba. Mama alikuwa fundi cherehani aliyewavika nusu ya mtaa wao, mwanamke wa maneno mengi na vicheko, lakini tangu msiba ule maneno yalikuwa yamempungukia kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Alikaa dirishani. Ukimuuliza alijibu, usipomuuliza alinyamaza. Cherehani yake waliyoileta kwa tabu ilikuwa bado imefungwa kamba.

Siku tangi linapofunguliwa, jamaa za wafanyakazi huruhusiwa kuchungulia, kwa kuwa macho yenyewe huwa yamezimwa. Kinoo alimwomba mama yake aende.

"Niingie chini ya ardhi kabla ya zamu yangu?" mama alisema. "Niache, mwanangu. Huko nitafika tu."

"Mama bwana! Unaingia na kutoka. Nataka uone ninachofanya."

"Unakamata vitu visivyoonekana. Ulishaniambia. Sasa nije nione nini?"

Kinoo alicheka, na mama yake naye akacheka kidogo, na labda ni kicheko hicho kilichomtoa. Kesho yake alikuwa kwenye gari la maabara, amevaa gauni lake jeusi, akishikilia mkoba kwa mikono miwili mgodi ulipowameza.

Kamba aliwapokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo wewe unayemlisha mwanangu mezani kama mgonjwa?"

"Asipolishwa anasahau, mama."

Watu wote walivikwa nguo nyeupe za kufunika mwili, kofia za nywele na viatu vilivyooshwa, maana hata jasho la mtu lingechafua maji yale. Umeme wa macho ulikuwa umezimwa. Macho yaliyozoea mimweko hafifu kiasi kile, taa ya kawaida ingeyaua yakiwa yamewashwa. Kisha mfuniko ukainuliwa kwa mnyororo, na mtumbwi mdogo wa mpira ukateremshwa, Kinoo na Kamba wakiwa ndani yake na taa zao.

Kinoo alikuwa ameliona tangi kwenye picha mara elfu. Hakuwahi kuingia. Mtumbwi ulipogusa maji haukutoa sauti ya kutosha kumwambia kwamba umegusa. Alitazama chini akashika ukingo kwa nguvu. Chini hapakuwa na maji. Palikuwa na hewa tu, na shimo refu linaloshuka, na kuta za macho ya dhahabu zikizunguka na kuzama safu kwa safu, mpaka sakafuni, ambako macho mengine yalimtazama kutoka chini kabisa. Kila jicho liliakisi taa yake ndogo, na katika kila taa alikuwemo yeye. Aliona kivuli cha mtumbwi huko chini, kidogo kama jani. Walikuwa wameelea katikati ya kitu kisichokuwepo.

"Kamba," alinong'ona, "usitikisike."

"Sijatikisika. Hata kupumua nimeacha."

Juu yao, kwenye ukingo wa tundu, sauti ya mama ilitetemeka. "Wewe mtoto! Umeshikiliwa na nini?"

"Na maji, mama!"

"Maji yako wapi?"

Kinoo aliteremsha mkono wake uliovaa glovu, akakigusa kile kisichoonekana. Duara moja likafunguka kutoka kwenye kidole chake, likaenda, likaenda, na kila jicho lililopitiwa likapepesa. Kule juu mama alivuta pumzi, na watu wote waliokuwa wameinama pamoja naye wakavuta pumzi. Profesa, ambaye alikuwepo tangi lilipojazwa, alikuwa amevua kofia yake kinyume cha kanuni zote alizoandika mwenyewe.

Wakapiga kasia taratibu mpaka ukuta wa kaskazini. Mkono wa chuma ulikuwa pale mchoro uliposema, na kidole cha Kinoo kiliposema. Kamba alilegeza kifungo, akalivuta tita la kebo juu ya maji, akalipangusa, akaligeuza kwenye mwanga. Mwanzoni hawakuona kitu. Halafu Kinoo akapitisha kidole, kikakwama. Palikuwa na mkwaruzo, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, mahali ambapo plastiki ilisuguana na chuma kila pampu ilipovuma, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya mkwaruzo shaba ilikuwa imegeuka kijani. Kebo mbili za jirani zilikuwa zimeanza kuchubuka. Za nyuma yake zilikuwa zinangoja zamu.

"Hiki tu?" Kamba aliuliza. "Hiki ndicho kilichopasua nyota?"

Walikata sehemu mbovu, wakaunga waya kwa waya, wakavisha mpira na kumimina gundi ya kuzuia maji, wakaishikilia mpaka ikakauka. Kisha Kamba akauvisha mkono wa chuma raba nene. Kazi ile ilichukua muda mrefu, na Kinoo kila alipoinua macho aliuona uso wa mama yake palepale kwenye tundu. Wageni wengine walikwenda kunywa chai wakarudi wakaenda tena. Mama hakuondoka.

Kinoo alipopandishwa, mama alimpisha akae kando yake juu ya benchi la chuma. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya dirishani.

"Hizo chembe zenu. Unasema zinapita kwenye kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Mlima wote huu juu yetu, kwao si kitu."

"Na mtu?"

"Na mtu. Hapa tulipoketi zinapita ndani yetu, nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Zilikupitia ukiwa tumboni mwa mama yako."

Mama aliitazama mikono yake, upande huu na upande huu. "Na baba yako? Kule alikolala?"

Kwa miaka yote ya kazi yake Kinoo hakuwa amelifikiria hilo. "Ndiyo, mama," alisema. "Na yeye. Mwanga wa jua hauwezi kumfikia pale, lakini hizo zinatoka kwenye jua hilohilo, na zinampitia. Mchana na usiku."

"Hazimsumbui?"

"Hata kidogo."

Mama aliinamisha kichwa, akakitikisa polepole, kama mtu aliyeelezwa habari za safari ya mpenzi wake akaridhika nazo. Machozi yalimtoka bila kelele. Hakuyafuta, na Kinoo hakumwambia anyamaze. Walikaa hivyo, mabega yakigusana katika zile nguo nyeupe zinazochakarisha kama karatasi, na chini yao mfuniko ukarudi mahali pake.

*

Macho yalihitaji kupumzika gizani kabla ya kuwashwa. Asubuhi iliyofuata Kinoo alipotoka kuoga, alimkuta mama yake mlangoni, amevaa viatu.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Wewe unakwenda wapi?"

Katika chumba cha skrini, Profesa alimpa mama kiti chake mwenyewe, mbele ya skrini. Kinoo alipandisha umeme taratibu, safu moja baada ya nyingine. Alituma mpigo kwenye kebo ya mia tatu na kumi na saba, mwangwi ukarudi mmoja, safi. Kwa redio akamwambia Kamba awashe pampu. Sakafu ikavuma. Mstari haukutikisika. Akafungua chaneli zote tatu, ukuta wa kaskazini ukawa hauna pengo tena, na wote wakangoja.

Haukupita muda. Mlio mdogo ulisikika, na kwenye skrini ikatokea pete ya nukta, buluu na njano, imechorwa juu ya ukuta wa kaskazini. Ilikuwa imetimia, haina pengo hata mahali pamoja, na jicho lililosingiziwa lilikuwa limo ndani yake, limekaa kwenye nafasi yake kama jiwe katika pete.

"Hiyo ni nini?" mama aliuliza.

"Ni chembe moja, mama. Si nyutrino, ni nyingine. Ilizaliwa juu angani sasa hivi, ikatoboa mlima wote, ikaingia majini. Ilipopita iliacha mwanga huo."

"Moja tu?"

"Moja tu."

"Na mmeiona." Mama aliigeukia skrini tena. Pete ilikuwa imeanza kufifia, rangi zikiondoka nukta kwa nukta. Alifuta miwani yake kwa pindo la gauni akaivaa, akavuta kiti karibu zaidi. Nyuma yake Kamba alikuwa ameingia akimweleza mtu jambo kwa sauti, na mlango ukajibamiza.

"Nyamazeni," mama alisema, bila kugeuka. "Isije ikatupita nyingine."

Kamba alikatiza sentensi katikati. Na Profesa, aliyejua kuliko wote chumbani mle kwamba kelele za watu haziwezi kuita chembe wala kuifukuza, alifunga mdomo, akaegemea ukuta, akasubiri.